Kuikagua Sarafu ya Jogoo kwa Kanuni za Ndoo

Jumatatu, 3 Machi

Simu ya kinyozi imewika tena. Kila bei ya sarafu yake ikipanda, simu inawika kama jogoo, na kila ikiwika mteja aliye chini ya wembe anaruka. Leo mmoja ametoka na nusu ya sharubu. Kinyozi hata hakuomba radhi. Alisema huyo ni Jogoo, sarafu ya mtandaoni, na ndiye aliyemnunulia kiti kipya kinachozunguka.

Nimekiona kiti. Kinazunguka kweli. Mimi ni fundi makochi, ukuta wangu na wake ni mmoja, na miaka yote tumekuwa maskini sawasawa, kwa heshima. Sasa yeye anazunguka! Akaniuliza kupitia dirisha kama bado natoa misumari ya zamani na kuinyoosha. Nikamwambia hapana. Nilikuwa na mmoja mdomoni wakati huo.

Nimeamua. Nami nitamnunua Jogoo. Lakini si kijingajinga. Marehemu mke wangu aliwahi kutumia nusu siku kununua ndoo. Alimuuliza muuzaji imetengenezwa na nani. Akaijaza maji aone kama inavuja. Akaigeuza, akaikalia. Akauliza, nikiirudisha kesho utaipokea? Kisha akaondoka bila kununua, aone kama atakimbiliwa, kwani muuzaji anayekukimbilia, alisema, anajua kitu usichokijua. Hakukimbiliwa. Akarudi mwenyewe, akanunua. Ndoo ile tunaitumia hadi leo. Yeye hayupo, ndoo ipo. Hilo huniuma zaidi asubuhi, ninapochota maji.

Basi sarafu nitaikagua kama ndoo. Kuhusu mtaji, ipo cherehani yake, pale pembeni mwa sebule, chini ya kitambaa cha maua. Fundi wa sare za shule, yule mama wa pale kona, anaitaka tangu tulipomzika. Mama mkwe, ambaye naishi naye, hajui kitu. Wala hapaswi kujua.

Jumanne, 4 Machi

Swali la kwanza: nani kaitengeneza?

Kinyozi alinionyesha wakuu wa Jogoo kwenye simu. Wote wanacheka. Mmoja, mkurugenzi mkuu, nikahisi namjua. Kichwa kile nimekiona mahali. Nikainua macho ukutani. Bango la mitindo ya nywele, safu ya pili, mtindo namba tisa! Uso uleule, tabasamu lilelile, hata kola ileile.

Kisha kinyozi akajishika kifua. Akasema kumbe miaka yote hii amekuwa akiwanyoa watu kichwa cha mkurugenzi bila kujua. Mimi nikasema mtu asiyeaminika hawezi kubandikwa ukutani muda wote huo bila mtu hata mmoja kulalamika. Tukakubaliana. Tukapeana mikono.

Swali la kwanza: Jogoo amepita.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimesoma waraka wa Jogoo. Kila sarafu ina waraka wake, kinyozi anasema, wa kueleza ni ya nini na inafanyaje kazi. Nimeusoma nikiwa nimelala chini ya kochi la mteja, ili nionekane niko kazini.

Ukurasa wa kwanza unasema Jogoo ataibadilisha dunia. Wa pili unasema dunia itabadilika. Wa tano ni ule wa kwanza tena, umepakwa rangi nyingine. Nikaufumua kama ninavyofumua kochi. Juu mahameli, ndani magunia. Mjinga angeishia hapo. Lakini mimi nakumbuka makochi niliyowahi kuyafumua, yenye mahameli juu na magunia ndani. Yote yalikuwa yamenunuliwa! Yangu yenye sponji ya kweli yamejaa mlangoni. Amepita.

Kisha nikamuuliza msimamizi wa kundi lao la mtandaoni, kwa ujumbe, Jogoo wako wangapi. Akajibu ni wachache mno na leo ndiyo mwisho. Nikauliza wakiisha itakuwaje. Akajibu watatengenezwa wengine. Yaani ni wachache, tena hawaishi! Sijawahi kuona bidhaa yenye sifa zote mbili. Amepita mara mbili.

Tangu hapo msimamizi amenipigia simu asubuhi, mchana, na nikiwa chooni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo asemavyo mama mkwe. Nimelifikiria hilo kwa makini. Huyu hajitembezi. Anapiga simu. Bila shaka ameketi.

Wakati wa chakula mama mkwe alisikia kuwika ukutani, akauliza kinyozi anafuga nini mle ndani. Nikamweleza kwamba ni jogoo wa kwenye simu, anayeleta utajiri. Akatafuna. Akauliza kama anataga. Nikamwambia mama, ni jogoo. Akasema ndicho anachouliza. Hakuendelea. Mama huyu ana tabia ya kuacha mazungumzo njiani.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa leo ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kuipanga. Nimwambie mama mkwe cherehani inakwenda kutiwa mafuta. Fundi wa sare aje na mkokoteni. Basi.

Mama mkwe akasema ameshaitia mafuta. Huitia kila Ijumaa, kama mwanawe alivyokuwa akifanya. Sikujua! Hashoni kitu. Huondoa kitambaa cha maua, hutia mafuta, hukanyaga pedali kidogo bila uzi, kisha hufunika. Akaniambia nikae nisikilize. Nikakaa. Ni sauti ileile ya alasiri zile, mimi nikigonga misumari huku, yeye akishona foronya za mito kule, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kelele. Kwenye droo bado kuna foronya moja ambayo hakuimaliza. Nikasema vumbi limeniingia jichoni. Mama mkwe akasema hata yeye.

Ndipo mkokoteni ukafika. Fundi wa sare mwenyewe, wasukumaji wawili, pesa za arubuni mkononi, na sauti ya kusikika mtaa mzima: iko wapi mali yangu? Tena akauliza kama sindano za akiba zimo. Mama mkwe akageuka, akauliza mali gani.

Nikasema kochi. Limenitoka lenyewe. Na likishatoka mdomoni, ikabidi litoke na mlangoni. Lililokuwa karibu na mlango, limeshakamilika, ni la kinyozi, lile la wateja wake kusubiria zamu. Nikamnong'oneza fundi wa sare akae nalo kama rehani, cherehani ataipata Jumatatu. Akalikalia. Akaruka juu yake kidogo. Akanipa arubuni bila kubishana hata neno. Hilo lilipaswa kunishtua.

Jumamosi, 8 Machi

Kinyozi ameuliza kochi lake liko wapi. Nikasema gundi inakauka. Akauliza inakaukia wapi, maana karakana yangu anaiona yote kutoka dirishani. Nikasema juani. Kulikuwa na mawingu.

Nilikuwa na arubuni mfukoni, tayari kununua. Lilibaki swali moja tu la ndoo: nikirudisha, utapokea? Kusema kweli nilikuwa nimelisahau. Nilichotaka ni soda. Kinyozi amekuwa akiniahidi soda ya faida wiki nzima. Nikamwambia mbele ya wateja, tajiri asiyeweza kununua soda ni tajiri wa namna gani? Wateja wakacheka. Kinyozi akasema ningoje nione. Akabonyeza simu atoe pesa kidogo, ya soda mbili.

Simu ikamjibu alipe kwanza ada ya kutolea. Akalipa kutoka kwenye droo ya mauzo ya leo. Ikamwambia sasa alipe kodi ya ile ada. Akalipa. Ikamshukuru sana, ikamwomba dhamana ya ile kodi. Na wakati wote huo Jogoo anawika! Bei inapanda! Hajawahi kuwika vile. Kinyozi alikuwa tajiri kuliko mtaa mzima, na soda hazipatikani. Amewika mpaka sauti ikakauka, na hakujakucha.

Mteja aliyekuwa kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akaomba aonyeshwe hao wakuu. Akamtazama mkurugenzi. Akatazama bango. Akasema yeye ni dereva wa malori, amezunguka sana, na uso ule ameuona kwa kila kinyozi aliyewahi kumnyoa, kila mji. Nilitaka kusema basi ana matawi mengi. Nikamtazama kinyozi, nikaacha.

Kinyozi alitafuta pa kukaa. Kochi halipo. Akakaa sakafuni, juu ya nywele za watu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kile kiti hakikununuliwa na Jogoo. Amekikopa, akitegemea Jogoo atakuja kukilipia. Na akiba yake yote imo humo.

Wiki nzima nimetamani kumwona akishuka. Ameshuka, na sikuona raha yoyote. Soda zote mbili nimezilipia mimi. Yangu sikuisikia ladha.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kurudisha arubuni nichukue kochi. Fundi wa sare amekataa! Mumewe amelala juu yake tangu juzi na hakoromi tena. Cherehani haitaki. Anataka kochi, na yuko tayari kuongeza.

Ningemwambia nini kinyozi? Akiba imekwenda, na sasa kochi? Sikuwa na njia. Nikamwendea mama mkwe kumweleza. Sikufika mbali. Akasema alijua tangu Ijumaa. Mtu gani huyo anayekuja kuchukua kochi anauliza kama lina sindano za akiba?

Nilidhani atalia. Nilidhani atafunga mizigo ahamie kwa mwanawe mwingine. Aliomba viatu vyake.

Kwa fundi wa sare hakukaa kwenye salamu. Aliuliza kochi hili kalitengeneza nani. Nikasema mimi, mama. Akasema hakuniuliza mimi. Akalibonyeza mikono. Akalinusa. Akamwamsha mume wa watu, akaagiza ligeuzwe miguu juu. Akaonyesha msumari, akauliza kama wanajua fundi huyu huinyoosha ya zamani kwa meno. Likageuzwa tena. Akalikalia pembeni, likalia. Akauliza aliyelia ni nani, maana yeye ameketi tu. Akauliza miguu ile itambeba baba mwenye nyumba mpaka lini, na siku ikivunjika fundi atalipokea? Akajijibu mwenyewe: hatalipokea, tunamjua, tunakula naye. Kisha akaondoka bila kuaga.

Nikamfuata nimeinamisha kichwa. Tulipofika kona ya pili, nyuma yetu kukasikika magurudumu. Fundi wa sare anatukimbilia, kochi juu ya mkokoteni, akitusihi tumrudishie arubuni yake.

Nilisimama pale barabarani nikiiona ile ndoo. Siku zote nilidhani marehemu alizaliwa tu na ukaguzi ule. Kumbe alifundwa. Njiani, nikisukuma mkokoteni, nilimwambia mama mkwe kwamba amefanana sana na mwanawe. Akasema mwanawe ndiye aliyefanana naye, na niache kusukuma upande mmoja.

Kufikia jioni wateja wawili walikuwa wamekuja kuniuliza habari za misumari.

Jumatano, 12 Machi

Kochi limerudi kwa kinyozi. Nimemwambia gundi imekauka. Kiti kinachozunguka kimerudi dukani, na wateja wananyolewa tena kwenye kile cha zamani, ambacho nimekiwekea sponji mpya bila malipo. Jirani ni jirani. Cherehani iko pale pale. Nimeapa mbele ya mama mkwe, mkono juu ya kitambaa cha maua, kwamba sitaigusa kwa biashara yoyote. Jana alinikuta nakanyaga pedali, bila uzi. Alinionyesha tu mafuta yanapokaa.

Yote haya yamenifunza mengi. Kinyozi pia. Amekuja asubuhi, kwa unyenyekevu, akasema tumeona kosa letu lilikuwa wapi, na mama mkwe alilitaja mapema kabisa, ila hatukumsikiliza. Jogoo hatagi. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Sarafu hii mpya inaitwa Kuku.

Nimeikagua vikali kuliko mara ya kwanza. Nyuso zote za wakuu nimezilinganisha na ukuta wa kinyozi, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja anayefanana! Bango alilibandua Jumamosi kwa hasira, lakini ukuta ni uleule. Waraka nao hauna ukurasa uliorudiwa. Una ukurasa mmoja tu. Na msimamizi wa kundi hajanipigia simu hata mara moja. Ametuma tu ujumbe, tena na tena, kwa adabu.

Mtaji unaohitajika ni mdogo sana. Cherehani hapana, kiapo ni kiapo. Nikazungusha macho uani. Ndoo imara kama ile haitengenezwi siku hizi. Anayejua vitu angetoa bei nzuri.

Nimemwambia mama mkwe ndoo inavuja, naipeleka kuzibwa. Akaijaza maji. Akangoja. Akayamwaga, akaigeuza, akaikalia katikati ya uani, akakunja mikono, akaniambia nianze upya, polepole, nani kasema inavuja.

Nimesema ni fundi ndoo. Kesho asubuhi inabidi nimtafute fundi ndoo.