Mguu wa Kushoto Umenyamaza

Jumatatu, 16 Juni 2025. Mugeta.
Msimu mbaya. Kazi yangu hapa ghalani ni kushindilia pamba. Gunia kubwa linaning'inizwa, naingia ndani, nakanyaga mpaka pamba igande. Peku, maana viatu vinachafua. Leo nimekanyaga asubuhi nzima, naimba. Mara Matrida, mama wa chai, akapiga kelele: shemeji, unachinja nini humo? Pamba nyekundu! Msumari umezama ukingoni mwa unyayo wa kushoto, nami sikusikia kitu. Nikamwambia msimamizi wetu, Nathanieli, kwamba Magesa ametokwa damu puani. Magesa, mwenzangu wa zamu, akainua pua yake, safi kabisa. Gunia limemwagwa lote. Magesa kacheka: miguu ya korosho hiyo, ikatwe kuni! Kwetu Newala, kwenye korosho, ni mbali.

Jumanne, 17 Juni.
Nathanieli kasema sirudi guniani mpaka nionwe na daktari Musoma. Nikikutwa mgonjwa, kazi imekwisha. Nitarudi Newala mikono mitupu, na shemeji yangu wa huko atatangaza mpaka sokoni. Mpango: kuwa mzima.

Jumatano, 18 Juni. Musoma.
Daktari Jenipher. Mpole, hana haraka. Kanichoma sindano ya pepopunda, kisha akachukua mgongo wa plastiki. Pingili zimepangana, na katikati yake kuna visahani laini vya kupokea mshtuko. Ndani ya pingili unapita uti, kamba ya fahamu kutoka ubongoni. Kati ya pingili na pingili hutoka mishipa ya fahamu miwili, mmoja kulia, mmoja kushoto, kila mmoja na eneo lake: huu mkono, huu kitovu, huu ukingo wa unyayo. Inaleta habari za maumivu, inapeleka amri za kutembea. Kisahani cha chini kikichomoza kinabana mshipa, na mguu unanyamaza, kumbe ubovu uko kiunoni. Nikatikisa kichwa kukubali, kama msomi.

Akasema nifumbe macho, nikiguswa na sindano niseme. Ndiyo, nikasema. Ndiyo. Ndiyo! Akasema, baba, sindano bado iko mezani. Akaja na nyundo ya mpira, ya kugonga nyuma ya kisigino. Nikarusha mguu kwa nguvu. Akasema bado hajagonga.

Hukumu: nisikanyage, nisibebe, nipigwe picha ya mgongo. Nikikaidi, mguu huenda usirudi tena. Nimeahidi yote.

Alhamisi, 19 Juni. Mugeta.
Nimemwambia Nathanieli kwamba daktari ameshangaa nilivyo mzima. Akashusha pumzi. Afadhali, ndugu yangu, akasema, nilikuwa nimekuwekea kiti pale getini, ukae tu mpaka mguu upone, ujira uleule. Basi atakaa Magesa, analalamikaga kiuno.

Magesa! Kiuno! Aliyecheza ngoma Jumapili mpaka vumbi likaomba msamaha!

Nimerudi guniani. Magesa ananipungia mkono kutoka kitini.

Jumamosi, 21 Juni.
Ndala ya kushoto imenitoka njiani, sikujua. Matrida kaniletea. Leo hakucheka. Kasema, shemeji, mguu unaukokota, mwambie Nathanieli ukweli, kiti utapewa. Nimemjibu wanawake mna hofu. Nikaenda nyuma ya ghala, nikafinya kidole cha mwisho kwa kucha. Kimya. Kama kubisha hodi nyumba iliyohamwa.

Jumapili, 22 Juni.
Nimelala mchana kutwa, nimewaza, nimepata. Si daktari mwenyewe alisema mishipa hutoka miwili miwili? Basi wa kushoto ukifa, wa kulia upo! Mungu hakuweka wa akiba bure. Hospitali ya nini tena?

Kesho lori linakuja. Nathanieli kapita kutafuta wapakiaji wa magunia. Magesa kasema kwa sauti, tena mbele ya Matrida, kwamba wa korosho hawezi. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Nitabebea bega la kulia.