Aliyeshindwa Asome

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungwa tena. Mabao manne kwa nunge, na Walter! Walter muuza soksi wa Gikomba, anayepiga kelele za mnada hata akicheza. Kwenye kibanda cha gemu cha Mama Clare, hapa Shauri Moyo, sheria ni moja: aliyeshinda abaki na pedi ya kuchezea, aliyeshindwa asome. Unakaa benchi unawasomea wenzako kitabu kwa sauti mpaka zamu yako irudi. Mama Clare ni mtu wa kanisa, hapendi watu wazima wakae bure. Kitabu chenyewe ni hadithi ya marafiki wanne wacheza gemu, na Babu anayewatengenezea pedi zikiharibika. Karibu chote nimekisoma mimi. Aibu!

Jumamosi tunaenda Dandora kucheza wawili wawili. Ondiek, rafiki yangu tangu utotoni, tumekula sahani moja, hajasema atacheza na nani. Anamwangalia sana Walter. Nimeona.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata akili! Wale wa kitabuni hufungwa kila siku kama mimi, na bado wanaelekea mashindanoni. Lazima mwishoni kuna mbinu. Nikiijua kabla ya Walter, Ondiek atanichagua mimi. Nimetumbukiza kitabu kwenye sanduku la bati, moja ya yale ninayoyagonga kazini, nikaondoka nikipiga mluzi. Hakuna aliyeshuku.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekimaliza saa ya chakula cha mchana. Mbinu hakuna! Babu anaugua, anapona, halafu anakufa. Marafiki wanafungwa, wanakula chapati pamoja, basi. Nimelia juu ya maharagwe yangu. Mwandishi tapeli.

Jioni mambo yakawa mabaya zaidi. Mama Clare amezima skrini. Eti hakuna kitabu, hakuna gemu. Benchi nzima imenuna, kila mtu anauliza kama Babu atapona. Nikasema tumwachie Mungu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango mpya, safi kabisa. Nimekichomeka kitabu ndani ya gunia la soksi la Walter. Kikapatikana. Walter akaapa kwa mbingu na ardhi. Mimi nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikasema kikulacho ki nguoni mwako.

Skrini ikawashwa. Nikafungwa mara moja, nikapewa kitabu. Nikafika pale Babu ametoka kitandani, anakunywa chai, anacheka. Machozi yakanitoka. Ondiek akanitazama, akauliza: "Buda, unalia nini na Babu ndio amepona?"

Nimeumbuka! Wote wakajua nimeshakisoma mpaka mwisho.

Mama Clare ameniamuru nimwombe Walter msamaha, nisome mpaka mwisho, na nisiguse pedi wiki nzima. Nimesoma. Babu alipokufa Walter alipangusa pua kwa soksi mpya ya kuuza. Hakuna aliyeondoka. Lakini Ondiek amemchagua Walter, na nimeumia, sitaficha.

Jumamosi, 9 Agosti

Ondiek amenigongea mlango asubuhi. Eti twende Dandora. Nikamkumbusha nimefungiwa pedi. Akasema pedi anazo Walter, lakini wakifungwa nani atawasomea? Walter na sauti yake ya mnada?

Wakafungwa saba. Saba! Nikajitahidi kusikitika. Nikasimama, nikafungua kitabu. Wa Dandora walidhani ni mzaha, kisha wakazima skrini yao wenyewe wasikie vizuri. Nikaletewa soda na chapati mbili. Babu alipoanza kunywa chai Ondiek akanisogelea, bega kwa bega, akaninong'oneza nijikaze. Nikajikaza. Sijui lini nilifurahi hivi.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada Mama Clare ametuonyesha kitabu kipya. Marafiki wale wale, sehemu ya pili! Akasema tutaanza kesho, pamoja, na mtu yeyote asitangulie. Wote wakanigeukia mimi. Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Walter akanipa mkono. Ondiek akasema mtu mzima amejifunza.

Kweli nimejifunza. Nimefikiria njia nzima ya kurudi nyumbani. Mwandishi hawezi kusahau mbinu mara mbili, lazima ameiweka humu. Kitabu kipya kimo tayari ndani ya sanduku la bati, chini ya blanketi. Kosa langu nimelijua. Safari hii nitalia hapa nyumbani mpaka machozi yaishe, ndipo nikirudishe.