Maiki ya Mzee Nashoni

Alhamisi, 16 Aprili
Habari kubwa! Silvester, yule anayetafsiri filamu kwenye banda la video la Mzee Nashoni hapa Mwanjelwa, amehamia Dar. Maiki haina mwenyewe! Jumapili mchana banda litaonyesha marudio ya tuzo za filamu za ng'ambo. Kizungu mwanzo mwisho. Mzee anatafuta mtu wa kutafsiri, na akifanya vizuri kazi ni yake.
Nauza viatu vya mitumba mwaka wa tisa huu. Watu wananiuliza saizi, basi. Hakuna aliyewahi kunyamaza ili anisikilize mimi Saulo. Naitaka maiki ile!
Nimemwambia Mzee kwamba Kiingereza nakinywa kama maji. Akafurahi. Mke wangu Yudith akauliza nilikinywea wapi. Wivu tu.

Ijumaa, 17 Aprili
Mpinzani! Mwalimu Devota, mstaafu, aliyefundisha Kiingereza Iringa miaka thelathini, naye anaitaka. Nikamnong'oneza Mzee kwamba Mama Mwalimu ana kifua, vumbi la bandani litammaliza. Mzee akamhurumia. Atamwekea kiti cha mbele, mbali na maiki. Mvua inanyesha tangu Jumatatu, vumbi lenyewe sijui litatoka wapi.

Jumapili, 19 Aprili
Banda limejaa mpaka mlangoni. Nikashika maiki.
Watu wale ni wa ajabu. Wanaume wote suti nyeusi, utadhani kwaya. Dada mmoja gauni lake lina watu wawili wa kulibeba nyuma. Masaa matatu wamekaa, pilau hakuna, hata soda sikuiona. Na wakishindwa wanatabasamu, wanampigia makofi aliyewashinda! Hili nimeliwaza sana. Kwaya yetu iliposhindwa mashindano kule Nyololo, nusu walihamia usharika mwingine. Hawa wamelelewa na nani?
Kutafsiri kumbe rahisi. Mtu akilia, nasema anamshukuru mama yake. Akicheka, nasema anawasengenya mashemeji. Muziki ukimfukuza jukwaani, nasema amezidisha muda kama mzee wa kanisa kwenye matangazo. Banda likacheka. Likanisikiliza! Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata.
Kisha zikaja picha za watu, mmoja mmoja, huku binti anaimba taratibu. Wengi wazee, wamependeza. Nikajua hii ndiyo tuzo ya heshima. Nikapaza sauti, kina mama wapige vigelegele. Wakapiga! Mara akatokea mzee mmoja wa filamu za ngumi za zamani. Mzee Nashoni anampenda tangu ujana, bango lake liko ukutani. Nikatangaza kwamba mwakani anakuja Mbeya, na atapita hapahapa Mwanjelwa kusalimia mashabiki. Mzee Nashoni akasimama, akacheza.
Mwalimu Devota akaguna. Akasema kwa upole kwamba wote wale ni marehemu wa mwaka huu.
Mzee akakaa. Akavua kofia, akalia waziwazi.

Jumatatu, 20 Aprili
Banda limefungwa siku tatu. Msiba! Turubai limefungwa nje, wanaume wamekaa chini ya bango, kina mama wanapika maharage. Mchungaji ameulizwa kama marehemu alikuwa Mlutheri. Amesema hajui, ila ataomba.
Nikapeleka sukari kilo mbili. Mzee hakunitazama. Akamwambia Mwalimu Devota, masikio yangu yakisikia, kwamba maiki ni yake, maana yeye alisema kweli. Iliniuma jamani.
Nimerudi kwenye viatu. Mteja wa kwanza akaniuliza kama hivi ni vya mmojawapo wa wale washindi wangu.

Alhamisi, 23 Aprili
Yudith amenisema usiku na mchana. Ana haki. Jana nikaenda kwa Mzee, nikapiga magoti matopeni, nikakiri Kiingereza sijui, nikaapa sitatafsiri tena maisha yangu yote. Akaniinua. Tukalia wote wawili.
Leo jioni usharika wetu wa Soweto, hapahapa Mbeya, umetangaza kwamba Jumapili mgeni kutoka Ujerumani atahubiri. Mkalimani amekaukiwa na sauti. Masikini.
Kijerumani sijui. Lakini filamu za vita nimeona nyingi, na mahubiri ni yaleyale: tumekosa, tutubu, tutoe sadaka.
Nimeshamwambia Mchungaji nakinywa kama maji. Maiki ya kanisani ina spika nne!