Kuponi ya Ukurasa wa Mwisho

Jumamosi, 12 Oktoba

Kitabu changu kimetoka kiwandani leo. Kinahusu jamii ya kisasa na kuaminiana mjini. Kurasa mia nne na kumi. Jina langu, Dkt. Rifki Abu Senna, limeandikwa kubwa kuliko jina la kitabu. Safi kabisa.

Kila mhadhiri hapa Kairo ana kitabu chake, na wanafunzi wake hukinunua wakipenda wasipende. Mimi peke yangu, mwaka wa tisa huu, nafundishia kitabu cha mwenzangu wa idara, Dkt. Lamlum. Alhamisi mkuu wa idara, Profesa Inshirah, ataamua mwaka wa kwanza wasome kipi. Atakayeshindwa anahamishiwa tawi la jangwani, mwendo wa saa saba kwa basi. Lamlum amenipa pole mapema, mbele ya watu.

Profesa anataka ushahidi kwamba wanafunzi wananunua na wanasoma. Ataupata. Ukurasa wa mwisho una kuponi: mwanafunzi anaikata, anaandika jina na alichojifunza, ananiletea, anapata alama tano. Mke wangu Ibtihal kasema hiyo si elimu, ni hongo. Nimemweleza kuwa wataalamu huita motisha. Kasema basi atanipa motisha nioshe vyombo.

Jumapili, 13 Oktoba

Dirisha la vitabu la kitivo: halijauza hata kimoja.

Wanafunzi wote wako ng'ambo ya lango, kwenye duka la fotokopi la Bayumi. Kitabu cha mhadhiri kikitangazwa tu, yeye keshakitoa kopi kwa bei ya sahani ya kushari, wali na dengu wa mtaani. Nimekwenda kupeleleza nikiwa na miwani ya jua na kofia ya shemeji yangu. Bayumi kanikaribisha kwa jina. Kauliza kama kuponi yangu ni nyeusi na nyeupe, maana hiyo haimpi shida.

Nimerudi nikiwaza sana.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepata! Kuponi mpya, karatasi ya rangi ya waridi, na kila moja ina namba yake. Nimezibandika kwa gundi, moja moja, vitabu vyote mia tatu. Kidole gumba kimegandana na cha shahada, nimekula bajia za taamiya kwa mkono wa kushoto.

Nimetangaza ukumbini: kopi haikubaliki, waridi tu. Wanafunzi wamepiga makofi. Sikuelewa sababu, lakini nimeinama kushukuru.

Jumanne, 15 Oktoba

Kuponi mia tatu na kumi na mbili! Zote za waridi!

Nimegawa alama tano tano mpaka mkono ukauma. Nimepita mara tatu mbele ya ofisi ya Lamlum nimekumbatia boksi. Mara ya tatu katoka, kanipongeza, kaomba kuponi moja ya kumbukumbu. Nimempa. Mshindi huwa mkarimu.

Ibtihal kauliza: vitabu mia tatu vimezaaje kuponi mia tatu na kumi na mbili? Nimemwambia asiharibu siku.

Jumatano, 16 Oktoba

Mzee wa dirisha la vitabu kasema ameuza kimoja tu. Kimoja! Mnunuzi: Bayumi.

Nimerudi mbio kwenye boksi. Kila kuponi ni namba themanini na nane. Na kwenye mstari wa alichojifunza, zote zinasema kitabu kimemfungua macho, kwa mwandiko uleule.

Nimemvaa Bayumi dukani kwake. Hakutikisika. Kasema, "Dokta, kazi bila malighafi haiendi." Karatasi za waridi kazifuata mwenyewe sokoni Faggala. Tena kitabu kakisoma mashine ikipoa, na sura ya uaminifu imemgusa. Nikajikuta namuuliza kipande gani hasa. Tumezungumza saa nzima. Chai kalipa yeye.

Uamuzi: naenda kikaoni na boksi langu. Katika idara yetu nani husoma namba?

Alhamisi, 17 Oktoba

Profesa Inshirah husoma namba.

Kachomoa kuponi tano, kazipanga mezani, kavua miwani. Kauliza darasa lina wanafunzi wangapi. Nikasema kwa sauti ndogo: mia mbili themanini na saba. Kasema miaka thelathini ya utafiti hajapata kuona sampuli iliyo kubwa kuliko watu wenyewe. Ndipo Lamlum akatoa kuponi yake, kafuta jina la mwanafunzi, kaandika lake, akadai alama zake tano. Watu wamecheka hadi mhudumu wa chai kaweka sinia chini.

Naenda jangwani. Nimeona aibu, na nimeumia, sifichi. Ibtihal hakusema "nilikwambia". Kapika mboga ya mulukhiya na kukunja mashati yangu.

Jumanne, 22 Oktoba

Tawi la jangwani. Darasa moja, wanafunzi kumi na wanne, feni haizunguki. Maboksi ya vitabu vyangu yamepotea njiani, yamekwenda na basi.

Sikuwa na kitu mkononi. Binti mmoja, Zumurruda, akasema, "Dokta, hamna neno, tusimulie tu." Basi nikasimulia: mji, foleni, majirani wanaochunguzana madirishani, kwa nini mtu anamwamini muuza fotokopi kuliko mhadhiri wake. Walicheka, wakabisha, wakanisahihisha kuhusu visima vyao na zamu za maji. Saa mbili zimepita na hakuna aliyetazama mlango. Wamenisindikiza hadi nje wakiendelea kuuliza. Miaka tisa sijafundisha hivyo. Nilikuwa na furaha mpaka macho yakalowa, na nikajua kabisa kwamba kitabu hakikuhitajika.

Nimekaa nikaandika kila neno nililosema, nisije nikalisahau. Kurasa sitini tayari. Kitakuwa kitabu cha lazima kuanzia muhula ujao. Kuponi nitaiweka ukurasa wa kwanza, rangi ya kijani.