Sponji Chafu la Bosi

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe kasafiri, kaniachia samaki wake, Bosi. Ndiye kumbukumbu pekee yenye uhai aliyoachiwa na marehemu baba mkwe, kwa hiyo eti nisimuue. Kana kwamba mimi ni muuaji! Shemeji, kaka wa mke wangu, kacheka hadi kakohoa. Eti yeye hata ndoo tupu asingeniachia.

Jumatano, 5 Machi
Maji yananuka. Muuza samaki wa mapambo kayapima: nitrojeni ya kinyesi cha Bosi imekuwa sumu. Eti ninunue chujio. Ninunue! Nina ndoo, kokoto, pampu kuukuu na akili timamu. Kanipa bure sponji kutoka tangi lake, limejaa ute mweusi. Eti humo wanaishi bakteria wanaoila hiyo sumu. Yaani mtu mzima nimekatiza mtaa mzima nimebeba uchafu wa mwenzangu!

Alhamisi, 6 Machi
Chujio tayari! Maji yanapanda, yanapita kwenye kokoto, kwenye sponji, yanarudi kwa Bosi. Sponji nimelichemsha nusu saa, nikalisugua kwa dawa ya madoa, nikalisuuza mara saba. Jeupe pe! Mke wangu kauliza bakteria wako wapi. Nimemjibu kwamba nyumba hii haifugi vijidudu. 

Ijumaa, 7 Machi
Bosi yuko juu ya maji, anatweta. Hana shukrani! Mke wangu kampigia simu kaka yake. Msaliti. Shemeji kaingia bila hodi, kalinusa sponji, kauliza kama wale wafanyakazi wote wa kula sumu nimewachemsha. Kabadilisha nusu ya maji, kaweka sponji jingine kutoka kwa yule muuza samaki, jeusi kuliko la kwanza. Eti nikiligusa, habari zitamfikia mama.
Niliogopa, nakiri. Nimekaa mbele ya tangi hadi adhuhuri nikimwomba Bosi radhi kwa sauti ya chini.

Jumapili, 9 Machi
Bosi anakula! Mama mkwe karudi, kaweka kiganja kwenye kioo, Bosi kamfuata. Machozi yakamtoka. Kanishukuru, kaniita mwanangu. Shemeji hakunichongea. Makusudi, ili dhamiri inisute! Haijanisuta hata kidogo.
Kesho mama anamchukua Bosi pamoja na chujio langu. Na lile sponji linalonuka humo ndani! Nimkabidhi mama mkwe wangu uchafu? Sikulelewa hivyo.
Wote wako sebuleni wanakunywa chai. Maji yameshachemka.