Msaidizi Asiyekosea

Jumatatu, 12 Januari

Nimeamua. Kiti cha naibu mkuu wa kitengo ni changu. Kikwazo ni mmoja: Mkaguzi, yule dada wa meza ya dirishani. Anapima mfumo wetu wa miadi ya hospitali jibu moja moja, kama anachambua mchele. Kila jibu la mfumo huja kwa JSON, maandishi yaliyopangwa ili mashine iyasome: jina la mgonjwa, chumba, tarehe. Yeye anasoma yote! Mimi nimeandika maktaba ndogo ya programu, nimeiita Msaidizi. Inalinganisha jibu lililokuja na jibu tulilolitarajia. Yakilingana, kijani. Yasipolingana, nyekundu. Shangazi, aliyenilea, anangoja tarehe ya upasuaji wa jicho kwenye mfumo huu huu. Atanijivunia.

Jumanne, 13 Januari

Nyekundu mia na kumi na mbili. Mkaguzi amepita nyuma yangu akanipa pole. Sikuiomba.

Jumatano, 14 Januari

Dawa imepatikana! Majibu yakitofautiana, Msaidizi anafuta jibu tulilolitarajia, anaweka lililokuja, kisha analinganisha upya. Kijani juu hadi chini. Mkaguzi akauliza ni mtihani gani huu, mwanafunzi anamwandikia mwalimu majibu. Kijicho tu. Mkuu wa kitengo alipiga makofi, akamwambia dada wa watu aanze kupumzisha macho.

Jioni tarehe ya Shangazi ikatoka: 18 Januari. Akauliza kama ni ya uhakika. Nikamwambia nimeipima mwenyewe.

Jumapili, 18 Januari

Shangazi alifika hospitali saa moja asubuhi. Hajatia kitu mdomoni tangu jana, kama alivyoagizwa. Kitengo cha macho kimefungwa kwa kufuli. Mlinzi alimwambia huku hawapasui mtu Jumapili, tangu aajiriwe hajaona. Akakaa kwenye ngazi hadi saa sita. Alimwambia mlinzi labda madaktari wamechelewa, maana mwanawe hawezi kumdanganya.

Nilipofika hakunilaumu. Alinishika mkono tu, ili avuke barabara. Afadhali angenitukana. Nimelia chooni kwake, bomba nimelifungulia.

Jumatatu, 19 Januari

Mkaguzi amenionyesha mstari wenyewe wa programu wenye kosa. Mfumo unapanga miadi bila kutazama ni siku gani. Jibu alilolitarajia yeye lingelikamata kosa hilo, ila Msaidizi alilifuta. Akasema, bila kejeli, kwamba jibu linalotarajiwa huandikwa na mtu, mapema, na mashine haina ruhusa ya kuligusa. Nimeahidi mbele ya Mkuu kwamba Msaidizi hatabadilisha tena kitu bila ruhusa.

Jumanne, 20 Januari

Ahadi ni deni. Msaidizi sasa anaomba ruhusa kabla ya kubadilisha chochote. Anaomba kwa adabu kabisa. Ila kubofya "ndiyo" mara mia na kumi na mbili kumenimaliza vidole, kwa hiyo nimemfundisha ajijibu mwenyewe. Kijani tupu!

Mkaguzi amerudi kuchambua mchele wake. Amefika jina la kumi na nne. Shangazi ni wa tisini na kitu. Nani angoje?

Tarehe yake mpya imeshapitishwa na Msaidizi: 30 Februari. Nimempigia simu palepale. Amesema amesogea hadi kwenye kalenda ya ukutani, ameitafuta siku hiyo, haioni.

Nimemtuliza. Ni jicho tu, Shangazi. Siku hiyo watalitibu.