Muziki Mzima, Haujakatwa

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mchana kutwa nimefukuza inzi. Ng'ambo ya barabara, kibandani kwa Fortunée, watu wamejipanga na simu mkononi kama wanaosubiri ushirika mtakatifu. Kazi yetu ni moja: kuwawekea watu nyimbo kwenye simu na flashi. Yeye ana foleni, mimi nina inzi. Haki iko wapi?

Baadaye nikasoma jambo. Kumbe nyimbo tunazouza zimebanwa! Ili wimbo wa MP3 uwe mwepesi, kompyuta hutupa sauti ambazo inaona sikio halitazihitaji. Wimbo usiobanwa, yaani WAV, una uzito mara nyingi zaidi. Basi Fortunée anauza nyimbo zilizokatwa viungo! Bila aibu!

Nimepata wazo.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Ubao mpya, rangi nyekundu: MUZIKI MZIMA, HAUJAKATWA. KWA OCTAVE PEKEE.

Nyimbo za WAV sina. Si tatizo. Ipo programu inayogeuza MP3 kuwa WAV. Unabonyeza, unasubiri, na wimbo mwembamba unatoka na kitambi. Sayansi!

Nimemjaribu dada yangu Mamie. Nikamsikilizisha wimbo kwa simu, kwanza mwembamba, halafu mnene. Nikamuuliza upi mtamu zaidi. Akasema iko sawasawa, kisha akauliza kama nimenunua majani ya pondu. Masikio yake yameharibiwa na kinu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Foleni! Yangu!

Dosari ndogo tu. Sefu, anayebeba abiria kwa baiskeli ya toleka, amerudi akinung'unika. Zamani simu yake ilimwimbia hadi uwanja wa ndege wa Bangboka na kurudi. Sasa nyimbo chache tu zimeijaza, na zinakwisha kabla hajatoka mjini. Nikamweleza kwamba gunia zito ndilo lenye mchele mwingi. Alikuwa ameanza kukubali.

Ndipo Fortunée akavuka barabara. Akauliza WAV zangu nimezitoa wapi. Nikasema ni siri ya kazi. Akacheka.

«Octave, samaki wa moshi, hata umuloweshe mtoni siku nzima, atavimba tu. Hatarudi mubichi.»

Foleni nzima ikacheka. Wivu ni ugonjwa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Siku ya heshima! Papa Nephtali, kiongozi wa kwaya ya wavuvi kule maporomokoni, amekuja kwangu. Kwangu, si kwa jirani! Amesoma ubao. Mkononi ana flashi, ameifunga kwa nailoni, na nailoni kwa kitambaa. Ndani yake kwaya yao inaimba kando ya maji. Mgeni mmoja aliwarekodi kwa mashine nzuri. WAV ya kweli, ya kwanza kuingia kibandani mwangu. Anayeongoza wimbo ni mkewe, marehemu Mama Anne.

Jumamosi binti yao Clémence anaolewa.

«Bon, mutoto wangu, tia hii ndani ya machine. Clémence akiingia, mama yake aimbe kwa baffle kubwa, ua muzima usikie. Nimeona umeandika haukataki kitu.»

Nikamwapia kwamba haitapungua hata pumzi moja.

Alipoondoka, kompyuta ikaikataa kwaya. Imejaa nyimbo zangu nene. Kuzifuta? Hasara! Bon, nikaibana kwaya ikawa nyembamba kabisa, ikapita kama mjusi chini ya mlango. Flashi nikaifuta, nikamjazia mzee nyimbo za kucheza harusini. Zawadi yangu. Kwaya nitainenepesha kesho.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimeinenepesha. Uzito umerudi uleule! Nikaipiga kwa baffle za kukodi.

Mama Anne anaimba kutoka ndani ya bidoni tupu ya maji. Makofi ya kwaya yanatatarika kama mafuta kikaangoni.

Nikainenepesha tena. Bidoni ileile.

Nikakaa chini. Msanii mwingine ungemwita aje aimbe upya. Huyu utamwitia wapi?

Halafu nikaongeza besi. Besi husaidia mambo mengi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Ua umejaa watu. Liboke za samaki ndani ya majani zinatoa moshi mtamu. Clémence akatokea mlangoni, nami nikabonyeza.

Akasimama palepale. Wanakwaya wakatazamana. Papa Nephtali akanijia polepole. Hakukasirika. Heri angekasirika.

«Octave, huyu hapana mama yao. Mama yao umemuweka wapi?»

Nikasema ni baffle. Nikasema ni umeme. Nikasema ni unyevu wa mto. Akazidi kunitazama tu, nami nikainama kukagua nyaya.

Clémence mwenyewe akatuokoa. Akasema mama yake yumo kwenye simu yake. Fortunée alimwekea wimbo ule zamani, mzima kama ulivyotoka kwa mgeni, bila kuubana. Huwa anausikiliza peke yake. Hakumwambia baba, aliogopa kumliza.

Fortunée akainuka kwenye viti vya wageni, akachomeka simu. Hakunitupia hata jicho. Clémence akarudi nje ili aingie upya.

Kwanza tukasikia maji. Halafu mtu akivuta pumzi, karibu kabisa, kana kwamba yuko kitini pembeni yako. Halafu Mama Anne akaimba. Papa Nephtali akafumba macho, midomo yake ikawa inafuata maneno. Waliokuwa wakigawa chakula wakasimama na sahani mikononi. Pumzi ile, programu yangu iliiona haina kazi, ikaitupa. Hata mimi nilisahau kumchukia Fortunée mpaka wimbo ulipokwisha.

Nilitaka kuondoka kimyakimya. Papa Nephtali akanishika mkono, akanikalisha mezani, akasema harusini kwake mutu harudi na njaa. Nikala. Sahani ya kwanza niliila nikiangalia chini. Sahani ya pili ilishuka vizuri zaidi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Wakati wote wa mahubiri nimetafakari yaliyonipata. Nimeelewa kosa langu.

Kilichowagusa watu si WAV. WAV ni uzito tu. Waliguswa na maji na ile pumzi!

Nimekwenda moja kwa moja kibandani. Mamie amemimina maji kwenye beseni, huku akilalamika, nami nimejirekodi nikivuta pumzi kwa hisia. Tayari nimevibandika mwanzoni mwa kila wimbo, hata ndombolo. Kisha nimezibana zote, ziwe nyepesi, Sefu asinung'unike.

Ubao mpya unakauka: MUZIKI WENYE PUMZI. KWA OCTAVE PEKEE.

Fortunée hajui lolote. Maskini, karibu namhurumia.